Mita 300 za Uongo

Wizi ukizidi mtaani, ushauri unaozunguka Kampala ni mmoja. Aliyevunjiwa geti Kyanja anaambiwa anunue kamera inayoona usiku. Mwendesha boda boda anayeumizwa macho na taa za malori pale Northern Bypass anaambiwa anunue miwani ya njano. Mwenye kishamba nje ya mji, anayelala akiwawaza ng'ombe wake, anaambiwa anunue darubini ya kidijitali, ile iliyoandikwa mita 300 kwenye boksi. Mafundi wanashauri hivyo, wachuuzi wanashauri hivyo, na wapwa waliosoma nao hivyo hivyo, hata anayeuliza swali anaonekana kama mtu asiyejali usalama wa watoto wake. Mimi naupinga ushauri huu. Unawafanya watu wa kipato kidogo watoe pesa ya kodi ya nyumba kununua kifaa ambacho hakitawaonyesha kile hasa wanachotaka kukiona: uso wa mtu.

Kwanza niueleze kwa haki, maana wanaoushikilia si wajinga. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Jua la Kampala huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, mwaka mzima, na giza letu ni la saa 12 kila siku. Taa za barabarani zipo kwenye barabara kubwa. Ukikata kuingia mtaani unabaki na mwezi. Polisi hawawezi kusimama kila uchochoro, na askari wa zamu naye ni binadamu, analala. Wakati huohuo vifaa ambavyo zamani vilikuwa vya majeshi makubwa sasa vinapatikana kwa shilingi laki nne hadi laki saba. Serikali yenyewe, wanasema, ilitumia dola milioni 126 kuweka kamera za Huawei mjini. Kwa nini basi raia naye asijinunulie macho ya usiku? Achague chenye masafa marefu zaidi na pikseli nyingi zaidi kwa bei ndogo kuliko zote. Hata kikiwa dhaifu, afadhali nusu shari kuliko shari kamili.

Hoja hiyo ina vipande vingi. Nitavishika kimoja kimoja, na baadhi nitavipita upesi kwa kuwa havina uzito wa kutuchelewesha.

Kwanza: eti ni teknolojia ya jeshi iliyoshuka bei

Haijashuka. Kifaa cha jeshi kinachokuza mwanga kina mrija ndani yake. Mwanga hafifu wa nyota hugonga bamba jembamba, bamba likatoa elektroni, elektroni zikazidishwa maelfu ya mara, kisha zikagonga kioo kinachong'aa kijani. Wamarekani walikwenda na mirija ya kwanza ya namna hiyo Vietnam katika miaka ya 1960. Mirija ya kizazi cha tatu, yenye bamba la galiamu na aseniki, mpaka leo huuzwa kwa zaidi ya dola 2,500 kwa kifaa cha jicho moja, na serikali ya Marekani hudhibiti kwa sheria kali nani anayeruhusiwa kuvitoa nchini humo. Hicho sicho kilichopangwa kwenye rafu za William Street.

Kilichopo pale ni kamera ya kawaida ya video. Wameondoa kile kichujio kinachozuia mwanga wa infraredi, wameongeza taa ya LED inayotoa mwanga huo, na nyuma wameweka kioo kidogo cha kutazamia. Ukitafuta babu yake, utampata Ujerumani mwaka 1945: kifaa kilichoitwa Vampir, taa ya infraredi juu ya bunduki na betri nzito mgongoni mwa askari. Kanuni ni ileile. Unamulika, na unaona kile tu ulichokimulika. Kwa hiyo tunazungumzia tochi yenye kamera, na tochi hupimwa kwa nguvu ya mwanga wake. Boksi lenye picha ya komando halikwambii lolote kuhusu nguvu hiyo.

Pili: eti mita 300

Hapa nitakaa, kwa sababu uongo mkubwa uko hapa.

Tazama jinsi darubini hizi zinavyojaribiwa dukani. Muuzaji anakupeleka stoo ya nyuma, anafunga mlango, anazima taa, anakukabidhi. "Ssebo, angalia mwenyewe, hata panya utamwona." Na kweli unaona maboksi, nyaya, na maandishi ya kalenda ukutani. Lakini stoo ile ina upana wa mita tatu, na kuta zake nyeupe zinarudisha mwanga wote machoni pako. Hakuna kifaa, hata kile kibovu kuliko vyote, kitakachoshindwa mle ndani. Mnunuzi anatoka akiamini amejaribu, kumbe hajajaribu chochote.

Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Kitu kilicho mita 60 hupata robo tu ya mwanga unaokipata kitu kilicho mita 30. Kilicho mita 300 hupata sehemu moja ya mia. Kataa ya LED kanakotosha kuangaza geti la jirani hakawezi kuangaza kilima cha pili, na hakuna maandishi ya boksi yatakayobadilisha hesabu hiyo.

Hata tukikubali kwamba mwanga umefika, bado pana suala la pikseli. Chukua darubini inayoona nyuzi 10 kwa upana. Kwa mita 300 upana huo ni kama mita 52. Kioo cha ndani cha vifaa hivi vya bei rahisi aghalabu kina pikseli 640 kwa upana. Gawanya: unapata pikseli 12 kwa kila mita. Uso wa binadamu una upana wa sentimita 15 hivi, kwa hiyo hauambulii hata pikseli mbili. Utaona kwamba kuna kitu kinasogea. Kama ni mwizi, au ni mzee anayetoka msalani, au ni ndama, hutajua. Na ukibonyeza kitufe cha kuvuta karibu, pikseli zilezile zinapanuliwa tu, hakuna kipya kinachoingia.

Kamera za ukutani zinanitia uchungu zaidi, kwa sababu zimeenea zaidi. Wataalamu wa kamera za ulinzi wana kipimo chao: ili umtambue mtu unayemfahamu unahitaji pikseli 125 kwa mita, na ili umtambulishe mtu usiyemjua, kwa namna ya kumpelekea polisi picha inayofaa, unahitaji 250. Kamera ambayo mafundi wengi hutufungia ina pikseli 1,920 kwa upana na lenzi ya milimita 2.8, inayotazama nyuzi 105 hivi. Mita 10 kutoka ukutani, upana wa picha yake unafika mita 26, yaani pikseli 74 kwa mita. Ukitaka 250, mwizi asimame mita 3 kutoka kwenye lenzi. Ukitaka 125 tu, asizidi mita 6. Mafundi nao huzifunga juu kabisa chini ya bati, kwenye pembe ya nyumba, ili "zione eneo lote". Zinaona eneo lote na hazimtambui mtu yeyote ndani yake.

Jirani yangu alinionyesha video ya usiku alioibiwa pampu ya maji. Mtu anaingia kupitia ua, kivuli kirefu cha kijivu. Anavuka uwanja akikimbia, na umbo lake linavutika kama moshi, kwa sababu gizani kamera hulazimika kuacha tundu lake wazi kwa muda mrefu zaidi: kwa sehemu 1 ya 25 ya sekunde, mtu anayekimbia mita 5 kwa sekunde amesogea sentimita 20, zaidi ya upana wa uso wake. Kisha anapita chini ya kamera yenyewe, karibu kabisa, na hapo ndipo jirani yangu aliposimamisha video akanitazama kwa matumaini. Uso umeungua kwa mwanga wa infraredi, umekuwa doa jeupe lisilo na macho wala pua. "Sasa huyu ni nani?" akaniuliza. Alikuwa amelipia kamera nne.

Na yale maandishi ya 4K na megapikseli 48? Mara nyingi kihisi kilichomo ndani ni cha megapikseli mbili, na zilizobaki zimejazwa na programu kwa kukisia. Gizani, tena, pikseli nyingi kwenye kihisi kidogo ni hasara, kwa sababu kila moja hupata mwanga mchache zaidi. Kinachosaidia ni ukubwa wa kihisi na uwazi wa lenzi: lenzi ya f/1.0 huingiza mwanga mara nne ya lenzi ya f/2.0. Uliza namba hiyo dukani. Muuzaji akishindwa kuitaja, funga pochi yako.

Tatu: eti utaona bila kuonekana

Washa kamera ya mbele ya simu yako, kisha elekeza rimoti ya televisheni kwenye lenzi na ubonyeze kitufe. Kwenye simu nyingi utaona kinuru cha zambarau kikimetameta. Sasa fanya hivyo kwa darubini yako ya laki tano. Itawaka kama taa ya gari. Taa za infraredi za nanomita 850, ambazo ndizo nyingi, huonekana hata kwa macho matupu zikiwa karibu, nukta nyekundu gizani. Zile za nanomita 940 hazionekani kwa macho, lakini vihisi vya kawaida haviupokei vizuri mwanga huo, kwa hiyo masafa yanakatika zaidi. Mwizi anayeujua mtaa wako anajua pia nukta nyekundu zilipo na wapi haziangalii.

Ukimulika kutoka ndani kupitia kioo cha dirisha, mwanga unarudi kwenye lenzi na huoni kitu. Mvua ikinyesha, na Kampala ina misimu miwili ya mvua kila mwaka, kila tone linang'aa mbele ya lenzi na kufunika kilicho nyuma yake. Buibui huzipenda kamera hizi, wakatanda utando wao mbele ya LED, na kila upepo unapovuma simu yako inalia saa nane usiku kukwambia kuna mtu. Baada ya wiki mbili za kuamshwa na buibui, watu huzima tahadhari. Mwizi wa kweli akija, simu imenyamaza.

Nne: eti kamera huzuia uhalifu

Ule mradi wa dola milioni 126 ulipewa msukumo mkubwa baada ya Andrew Felix Kaweesi, afisa wa juu wa polisi, kuuawa Kulambiro tarehe 17 Machi 2017. Miaka minne baadaye, tarehe 1 Juni 2021, kamera zikiwa zimeshafungwa mjini, watu wenye silaha kwenye pikipiki walimshambulia Jenerali Katumba Wamala huko Kisaasi. Binti yake na dereva wake waliuawa. Ilikuwa asubuhi, jua limewaka. Picha za kamera zilisambaa baadaye. Sisemi kamera hazina kazi katika upelelezi. Nasema hazikuwarudisha nyuma watu wale, mchana kweupe, kwenye mfumo wa mamilioni ya dola. Mtu anayetumaini kamera ya laki mbili iliyo juu ya bati lake imrudishe mwizi nyuma usiku wa manane ameuziwa tumaini ambalo taifa zima halikuweza kulinunua.

Kuna kitu ambacho kimepimwa kwa makini, nacho ni mwanga wa kawaida. Mwaka 2016 mji wa New York ulichagua kwa bahati nasibu baadhi ya makazi ya umma na kuyawekea minara ya taa, mengine yakaachwa kama yalivyokuwa. Watafiti walipolinganisha, walikuta makosa makubwa ya usiku nje ya nyumba yamepungua kwa takriban asilimia 36 palipowekwa taa. New York si Kampala, nakubali. Lakini wanaotuuzia darubini hawana jaribio lolote la namna hiyo, la New York wala la Bwaise, na bado sisi tunaotaja taa ndio tunaodaiwa ushahidi.

Tano: miwani ya njano, na macho yenyewe

Kwa mwendesha boda boda, kifaa cha kuona usiku ni miwani ya njano. Inauzwa kwenye foleni za magari na mtandaoni, ni rahisi kuliko vifaa vyote nilivyovitaja, na kwa maoni yangu ndiyo ya hatari kuliko vyote.

Kioo cha njano hufanya kazi moja: huzuia sehemu ya mwanga, hasa wa bluu. Usiku mwanga ni mchache tayari. Kupunguza mwanga ili uone vizuri gizani ni kinyume cha akili, na utafiti umethibitisha hivyo. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi ya macho ya Schepens huko Boston waliwaweka watu 22 kwenye kifaa cha kuigiza udereva, wakiwa na miwani hiyo na bila hiyo, na mtembea kwa miguu akitokea barabarani. Miwani ya njano haikumsaidia yeyote kumwona mtembeaji mapema zaidi. Matokeo yalichapishwa katika jarida la madaktari wa macho la JAMA. Yanayobaki ni hisia: dunia inaonekana yenye joto na angavu, dereva anajiamini, anaongeza mwendo. Mtoto anayevuka barabara Kalerwe akiwa na sweta jeusi haonekani mapema hata kidogo.

Zipo sababu za kweli za mtu kutoona usiku, na ushauri wa vifaa unazifunika. Mtoto wa jicho hutawanya mwanga wa taa zinazokuja mbele mpaka barabara nzima ikawa ukungu. Dawa yake ni upasuaji. Kisukari huharibu mishipa ya nyuma ya jicho. Ukosefu wa vitamini A huleta upofu wa usiku, hasa kwa watoto wadogo na wajawazito, kwa sababu jicho hutumia vitamini hiyo kutengeneza kemikali inayopokea mwanga hafifu. Na hapa Uganda ina jambo ambalo mtu akikushauri kuhusu kuona usiku alipaswa kulitaja mwanzo kabisa. Mtafiti wetu Robert Mwanga alifanya kazi kwa miaka mingi kuzalisha viazi vitamu vya rangi ya machungwa vyenye vitamini A nyingi, vinavyostahimili mashamba yetu, na mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia pamoja na Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis. Mama mjamzito asiyeona njia jioni anahitaji viazi hivyo na kadi ya kliniki. Mwendesha boda boda anayeona duara za mwanga kwenye kila taa aende kliniki ya macho, Mengo au Mulago, apimwe. Akitoka huko asafishe kioo cha helmeti yake au akibadilishe. Kioo kilichokwaruzwa hutawanya mwanga kama mtoto wa jicho anavyofanya, na kipya ni rahisi kuliko siku moja ya kulazwa wodini.

Jicho zima nalo lina uwezo ambao watu hawaupi nafasi. Likikaa gizani dakika 20 hadi 30 linazoea, na huanza kuona mambo ambayo mwanzoni hayakuwepo. Ukiangalia kioo king'avu cha darubini ya kidijitali sekunde chache tu, umelifuta zoezi lote hilo. Unaposhusha kifaa, wewe ni kipofu kuliko ulivyokuwa, umesimama kwenye uchochoro wenye mtaro wazi. Na ukitembea nacho machoni hali ni mbaya zaidi: nyingi za darubini hizi zina lenzi moja na kioo kimoja kinachogawiwa macho mawili, hivyo hupati kipimo cha kina. Huwezi kujua mtaro uko hatua moja mbele au tatu.

Sita: eti ni bei nafuu

Hebu tuhesabu. Taa ya LED ya wati 10 ikiwaka saa 12 hutumia uniti 0.12. Uniti moja ya umeme wa nyumbani, hata ukijumlisha kodi, haifiki shilingi 1,000. Kwa hiyo usiku mzima wa mwanga kwenye geti lako haufiki shilingi 120, na mwezi mzima haufiki 3,700. Kwa laki tano za darubini ungewasha taa hiyo zaidi ya miaka 11.

Darubini inakuja na gharama ambazo hazikuandikwa. Betri zake zinazochajiwa, zile za mviringo zinazoitwa 18650, zinauzwa mjini zikiwa na maandishi ya mAh 9,900, wakati betri nzuri za ukubwa huo hucheza karibu na 3,500. Kamera ya ukutani inakula kadi ya kumbukumbu, na kadi inayoandikwa usiku na mchana huchakaa. Wengi hugundua siku ya wizi kwamba iliacha kurekodi muda mrefu uliopita. Kuitazama ukiwa kazini kunakula bando. Na kamera iliyoachwa na neno la siri la kiwandani iko wazi kwa dunia nzima. Mwaka 2016 virusi vilivyoitwa Mirai viliteka kamera na vifaa vya namna hiyo kwa wingi, kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani, vikatumika kuangusha huduma kubwa za intaneti. Umenunua jicho la kumwangalia mwizi, na mtu usiyemjua anaangalia sebule yako.

Saba: eti ni mali yangu, nitatazama nitakako

Hili ni fupi. Ibara ya 27 ya Katiba ya Uganda inalinda faragha ya nyumba ya mtu, na jirani yako anayeoga kwenye bafu la nje ana haki hiyo sawa na wewe. Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha. Kamera inayoelekea dirisha la mwenzako ni kosa dhidi yake, hata kama nia yako ni njema. Na anayevaa kichwani kifaa chenye sura ya kijeshi na kutembea nacho usiku ajue kwamba Sheria ya UPDF ya 2005 inazungumzia raia wanaokutwa na vifaa ambavyo kwa kawaida ni vya jeshi pekee. Mahakama ya Juu iliamua Januari 2025 kwamba raia wasishtakiwe katika mahakama za kijeshi, lakini Mei mwaka huohuo Bunge likapitisha marekebisho yaliyoufungua tena mlango huo kwa hali fulani. Kusimama kwenye kizuizi cha barabarani saa saba usiku ukimfafanulia askari tofauti kati ya kamera ya LED na mrija wa kizazi cha tatu si usalama.

Nane: eti basi nitanunua ya joto

Hii ndiyo hoja yao yenye nguvu zaidi, kwa kuwa kamera ya joto haihitaji kumulika. Inapokea joto la mwili lenyewe, na mtu aliyejificha nyuma ya majani machache anatokeza. Za kuchomeka kwenye simu zinapatikana nje kwa dola 200 hadi 300. Mfugaji wa Nakasongola anayetafuta ng'ombe waliotawanyika kichakani ana sababu ya kuifikiria, na simwekei kizuizi.

Lakini mkazi wa Kampala? Kioo cha kawaida hakipitishi mwanga huo wa joto. Ndiyo maana lenzi zake hutengenezwa kwa jemaniamu. Ukitazama kupitia dirishani unaona joto la dirisha, na pengine kivuli chako mwenyewe. Ile ya simu kwa kawaida ina pikseli 256 kwa 192. Inapotazama nyuzi 50, mtu aliye mita 50 ni vidoa vitatu kwa upana. Hata akisogea karibu, uso wake ni sahani ya joto. Ndugu yako na mwizi wanafanana. Kifaa kinachokwambia kuna mtu, bila kukwambia ni nani, mikononi mwa mtu mwenye hofu na panga mlangoni, kinanitia wasiwasi mkubwa kuliko giza lenyewe.

Na umeme ukikatika?

Ndilo swali wanalonifungia nalo mjadala kila mara, na wanaliuliza kana kwamba kamera yao inakula hewa. Umeme ukikatika, kamera ya ukutani inazima pamoja na ruta yake. Taa ndogo ya sola yenye betri na kihisi cha mwendo haizimi, na ikiwaka ghafla inamwambia mwizi ameonekana wakati bado yuko nje ya ua.

Anayetaka kutumia laki tano, azitumie kwa utaratibu huu. Taa mbili za LED za mwanga wa manjano-manjano, ambao huvutia wadudu wachache. Ukiweka nyeupe kali, Novemba na Mei utavuna nsenene mlangoni na majirani watakuja na ndoo. Ziwekwe mita tatu kutoka ardhini, zikingwe juu na pembeni, zimulike ardhi ya geti na njia ya kuingilia, zisipige machoni mwa anayetazama kutoka ndani wala dirishani kwa jirani. Swichi inayojiwasha yenyewe giza likiingia. Taa moja ya sola kwa usiku wa uniti za umeme kuisha. Majani yanayoficha ukuta yakatwe. Namba za simu za nyumba tano zinazokuzunguka na ya mwenyekiti wa LC1 ziwe kwenye simu ya kila mtu mzima ndani ya nyumba. Kikibaki kitu, kamera moja: lenzi ya milimita 6 au zaidi, uwazi wa f/1.6 au bora, neno la siri limebadilishwa siku ileile, na ifungwe pembeni ya geti, karibu na kimo cha uso, mahali ambapo kila anayeingia hana budi kupita ndani ya mita tatu, chini ya ile taa.

Fundi atakataa. Atasema pale chini itaibiwa, kamera hukaa juu. Mwambie aifunge ndani ya kisanduku cha chuma, au nyuma ya nondo za geti, na usimlipe mpaka giza liingie, usimame mwenyewe getini, mtu mwingine atazame kwenye simu akuambie kama anauona uso wako.